Wimbi ukilisukuma kidogo, litadumu ama litavurugika? Namna ya kuanza kulichunguza kwa hesabu

Haya jamani, hili swali naulizwa sana na vijana wanaosoma hesabu hapa Mombasa, kwamba mtu akitaka kuingia kwenye utafiti wa mawimbi, hasa huu wa uthabiti, aanzie wapi, maana akifungua makala anakutana na kurasa arobaini za alama na hajaambiwa hata wimbi lenyewe linafananaje. Nitaeleza kwa mpangilio ambao mimi ningeupenda wakati naanza. Ukijua kalkulasi ya mwaka wa pili na una laptopu yoyote inayowaka, inatosha.

Kwanza shika swali lenyewe, ukilikosea hili mengine yote yatakwenda kombo. Chukua yai ulisimamishe wima juu ya meza. Kwa hesabu linasimama, nguvu zote zimelingana, hakuna kosa. Sasa washa feni. Basi mawimbi ni hivyo hivyo, ikwesheni inaweza kukupa wimbi zuri linalosafiri bila kubadilika umbo, lakini hilo halijakwambia kama bahari italiacha liishi. Kazi yetu ni kuliguza kidogo sana halafu kuuliza ule mguso unakua ama unabaki mdogo. Ndiyo uthabiti huo, hauna siri nyingine.

Kabla ya kalamu, nenda ufukwe wa Mama Ngina hapa Mombasa asubuhi wakati wa kusi, kaa pale juu ya majabali uitazame bahari kuu. Utaona mawimbi yanakuja mapana na yamepangika, halafu yakifika kwenye mwamba yanaumuka na kumwaga povu. Huko kuvunjika kwenye mwamba kunatokana na kina kupungua, na hesabu ya zamani sana inasema wimbi la pekee juu ya maji mafupi (yaani ya kina kidogo) haliwezi kuzidi kimo cha takriban 0.78 ya kina, kwa hivyo wimbi la mita moja na nusu litaanza kuwa na shida kwenye maji ya mita mbili hivi (ufukweni penyewe mteremko wa chini unabadilisha namba hiyo, ichukue kama kadirio). Lakini huku si kuvurugika ninakotaka tukuchunguze. Ninakokutaka mimi kunatokea hata pale chini pamenyooka na hakuna mwamba, wimbi linajiharibu lenyewe.

Na jambo moja uliweke kichwani tangu sasa: kina kwenye hesabu hizi hakipimwi kwa mita tupu, kinapimwa kwa kulinganisha na urefu wa wimbi, yaani kutoka kilele mpaka kilele. Wimbi la urefu wa mita 250 juu ya maji ya mita 10 liko kwenye maji mafupi, na kiwimbi cha mita moja hapo hapo kiko kilindini. Bahari ile ile, ikwesheni mbili tofauti. Wanaoanza wengi hukosea hapa, wanachukua ikwesheni ya maji mafupi wanaipeleka kilindini kisha wanashangaa.

Tuanze na maji mafupi maana ndiko hesabu ilikokamilika vizuri. Tafuta gata ya mvua ya mabati, ile ya umbo la sanduku, kama mita 3, fundi akuzibie ncha mbili kwa silikoni. Ilaze sawasawa, tumia pima maji ya fundi, usikadirie kwa jicho. Tia maji sentimita 5, dondoshea rangi ya chakula, halafu chukua kibao kinachotosha upana wa gata, kitumbukize kwenye ncha moja na usukume mbele sentimita 5 mara moja, simamisha hapo hapo. Litatoka nundu moja la maji lisilo na bonde nyuma yake, linakwenda mpaka mwisho, linagonga, linarudi. Kwa nini sentimita 5? Kwa sababu wimbi la pekee la kimo cha sentimita 1 kwenye kina hicho, ukilikata ubavuni, lina eneo la sentimita mraba 26 hivi, na kibao chako kimesukuma 25. Ukisukuma zaidi ya hapo utapata moja kubwa na jingine dogo linafuata nyuma.

Rekodi kwa simu uhesabu sekunde. Kasi yake ni mzizi wa g mara (kina + kimo), yaani mzizi wa 9.81 × 0.06, inakuja kama mita 0.77 kwa sekunde, mita 3 zinakwisha kwa sekunde 3.9 hivi. Lingekuwa wimbi dogo kabisa lingechukua sekunde 4.3. Video ya simu inaonyesha hiyo tofauti bila taabu, na hiyo tofauti ndogo ndiyo nonlinia yenyewe: wimbi refu la kimo linakimbia kuliko fupi. Usijaze maji kidogo mno lakini. Chini ya nusu sentimita mvutano wa uso wa maji unashika usukani na alama kwenye hesabu inageuka, chanya inakuwa hasi.

Hilo nundu ndilo John Scott Russell aliloliona Agosti 1834 kwenye mfereji wa Union karibu na Edinburgh. Mashua ilikuwa inavutwa na farasi wawili, ikasimama ghafla, maji yaliyokusanyika mbele yake yakaondoka yenyewe, wimbi moja la urefu wa futi 30 na kimo cha futi moja mpaka moja na nusu, kasi ya maili 8 au 9 kwa saa, naye akalifuata juu ya farasi wake maili moja au mbili. Mimi humpenda Russell kwa sababu hakuishia kustaajabu, alirudi nyumbani akajenga tangi akapima, na ile fomula ya kasi niliyokupa hapo juu ni yake. Ikwesheni yenyewe ilikuja baadaye, Boussinesq na Rayleigh miaka ya 1870, kisha Korteweg na de Vries 1895, ndiyo tunaiita KdV.

Sasa kalamu. Andika KdV hivi: u_t + 6u u_x + u_xxx = 0, ambapo u ni mwinuko wa maji, x ni mahali, t ni wakati, na herufi za chini ni derivativi. Wimbi lake ni φ = (c/2) sech²(√c (x − ct)/2), c ni kasi, sech ni 1/cosh. Usiamini maneno yangu, liweke ndani ya ikwesheni ulithibitishe kwa mkono, itakuchukua nusu saa na hiyo nusu saa itakulipa.

Halafu panda juu ya wimbi. Yaani badilisha x iwe ξ = x − ct, uwe kama mtu aliye kwenye mashua inayokwenda sambamba na wimbi, ukilitazama limesimama. Ikwesheni inaongezeka kipande −c u_ξ, basi. Ukiruka hatua hii kila kitu kinasogea na huwezi kuuliza kama kitu kimetulia.

Sasa mguso. Andika u = φ + v, v ni ndogo. Weka ndani, φ peke yake itajifuta kwa sababu ni suluhisho, na pale utakapoona v mara v utupe, maana kidogo mara kidogo ni kidogo zaidi. Kinachobaki ni v_t = ∂(Lv), ambapo L = −∂² + c − 6φ na ∂ ni derivativi kwa ξ. Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza, utafute aigenivalyu za L, yaani namba λ ambazo Lv = λv, na kwa bahati nzuri hizi zinapatikana kamili: −5c/4, kisha 0, kisha 3c/4, na baada ya hapo kuanzia c kwenda juu ni mfululizo usiokatika.

Ile sifuri usiiogope. Inatokana na φ′, inasema tu kwamba wimbi ukilisogeza pembeni kidogo bado ni wimbi lile lile. Lakini ile hasi, −5c/4, itakunyima usingizi, kwa sababu ukiiangalia haraka inaonekana kama yai juu ya meza, kuna upande mmoja nishati (L ndiyo hupima inavyobadilika wimbi likiguzwa) inateremka. Mbona basi kwenye gata wimbi halianguki? Jibu, na hapa mimi huona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye somo hili, ni kwamba wimbi haliruhusiwi kwenda upande ule. KdV inahifadhi momentamu, P = ½∫u², na v yoyote inayotaka kuteremka kwa ule upande hasi ingelazimika kuibadilisha P. Mlango uko wazi lakini wimbi limefungwa kamba. Na kujua kama kamba inatosha kuna kipimo kimoja rahisi: hesabu P ya wimbi lenyewe, hapa inatoka c^(3/2)/3, itafutie mteremko kwa c. Mteremko ukiwa chanya wimbi ni thabiti, ukiwa hasi limeisha. Hapa ni √c/2, chanya kwa kila c. Benjamin ndiye aliyeisimamisha hoja hii kwa KdV mwaka 1972, Bona akaikaza 1975, na mwaka 1987 Grillakis, Shatah na Strauss wakaigeuza kuwa njia ya jumla inayotumika mpaka leo kwa ikwesheni chungu nzima.

Ila kuna mtego kwenye neno lenyewe thabiti. Tuseme umeliguza wimbi likawa refu kwa kimo asilimia moja. Refu linakimbia zaidi, si tumesema. Kwa hivyo baada ya muda lile lililoguzwa limeliacha la asili mbali, na ukipima tofauti mahali kwa mahali utapata tofauti kubwa kabisa, utaandika limeharibika, kumbe halijaharibika lolote. Ni kama tuktuk mbili zimetoka Ferry pamoja moja ina mguu mzito kidogo, zikifika Bamburi zimeachana lakini zote ni nzima. Kwa hivyo unapopima, sogeza moja mpaka ilale juu ya nyingine kwanza, ndipo ulinganishe umbo. Andika hivyo wazi kwenye tasnifu yako, maana msomaji makini atakuuliza umepima nini.

Haya, kilindini sasa. Jina la bandari yetu, Kilindini, latueleza, ni penye kilindi. Huku hakuna nundu la pekee la namna ile, kuna msururu wa mawimbi yanayofanana, yale Stokes aliyoyaandikia mfululizo wake mwaka 1847. Kwa miaka mia na zaidi watu waliyachukulia kuwa yapo tu yametulia. Mwaka 1967 Benjamin na Feir wakaonyesha kwa hesabu na kwa tangi kwamba hapana, mashine upande mmoja inatoa mawimbi sawasawa kabisa, na mbele huko yanafika yamevurugika, mengine yamekua mengine yamefifia.

Namna ya kuhesabu: chukua mwinuko ε, yaani nusu ya kimo mara 2π ugawe kwa urefu. Mguso unaokua haraka kuliko yote ni ule unaoyafunga mawimbi kwenye mafungu ya 1/(2ε), na unazidi mara e (mara 2.7) kila baada ya mawimbi 1/(π ε²). Weka namba. Mawimbi ya sekunde 8 kilindini yana urefu wa mita 100, kimo kikiwa mita 3.2 ε ni 0.1, basi mafungu ni ya mawimbi matano matano, na mguso unazidi mara 2.7 kila mawimbi 32, kama dakika nne na robo. Wimbi la nusu ya kimo hicho linahitaji muda mara nne. Unaona? Ukuaji unafuata mraba, ndiyo maana bahari iliyotulia unaweza kuitazama siku nzima usione kitu.

Mjomba wangu amevua maisha yake yote, na aliniambia zamani mawimbi makubwa huja kwa mafungu, mtu husubiri fungu lipite ndipo avuke mlango wa mwamba. Nilifurahi nikataka kusema ndiyo hiyo hiyo Benjamin na Feir. Usikimbilie huko. Mafungu mengi baharini yanatokana na mawimbi ya urefu unaokaribiana yakipandiana tu, jambo la linia kabisa, na bahari ya kweli ina upepo na mawimbi ya kila upande ambayo hudhoofisha ukuaji huu. Ukitaka kudai, uwe na vipimo. Hata lile wimbi la mita 25.6 lililopimwa kwenye jukwaa la Draupner, Bahari ya Kaskazini, tarehe 1 Januari 1995, watu bado wanabishana lilijengwa na nini.

Na kuna mpaka. Hesabu k mara h, k ni 2π ugawe kwa urefu wa wimbi, h ni kina. Ikizidi 1.363 kuyumba kwa Benjamin na Feir (huko kuvurugika kwa msururu) kupo, ikipungua hakupo. Kwa wimbi la mita 100 huo mpaka ni kina cha mita 22 hivi. Lakini usalama wa upande wa chini ni wa aina hii ya kuyumba tu, kuna kuyumba kwingine kwa masafa ya juu, kudogo zaidi, kunakobaki. Kuthibitisha haya kwa ikwesheni kamili za maji, sio zile za makadirio, kumechukua muda mrefu ajabu: Bridges na Mielke 1995 kwa kina chenye kikomo, Nguyen na Strauss kwa kina kisicho na kikomo karibu robo karne baadaye, halafu Berti, Maspero na Ventura mwaka 2022 wakaonyesha kwamba aigenivalyu zisizo thabiti zinachora namba 8 kamili kuzunguka sifuri, kitu ambacho kompyuta zilikuwa zimeshakiona. Kwa hivyo mtu asikwambie somo limefungwa.

Kompyuta basi. Python na numpy zinatosha. Chukua KdV, c = 1, sanduku kutoka −40 mpaka 40, pointi 256, hatua ya wakati 0.005. Derivativi zifanye kwa Fourier, na kile kipande cha u_xxx usikipeleke kwa Runge-Kutta (njia ya kusogeza wakati hatua kwa hatua) moja kwa moja, kitakulazimisha hatua ndogo mno, kiondoe kwanza kwa kuzidisha kila modi (kila kipande cha Fourier) kwa eksponenti yake, maana kwenye Fourier kinatatulika kamili. Kabla ya kuliguza wimbi, liendeshe bila kuguza, na kila mara chapisha ∫u na ∫u². Zikitambaa, kosa ni la programu yako, bado hujafika kwenye fizikia.

Sasa sikiliza hili maana mimi lilinila wiki mbili. Sanduku la Fourier ni duara, kinachotoka kushoto kinaingia kulia. Ukiliguza wimbi, linatema viwimbi vidogo, na kwenye KdV hivyo vinakwenda nyuma, kushoto. Vinazunguka sanduku vinakuja kulipiga wimbi usoni. Kwa namba nilizokupa, vile vya urefu wa kati vinarudi kwenye wakati 46 hivi. Mimi niliona wimbi linatikisika ghafla nikaamini nimepata kuyumba kusikojulikana, nikaandika kurasa sita, nikampelekea msimamizi wangu, akaniuliza swali moja tu, sanduku lako lina upana gani? Nikalifanya pana mara mbili, mtikisiko ukachelewa mara mbili. Kwa hivyo kila ukiona kitu, badilisha upana, kisha pointi, kisha hatua ya wakati, kimoja kimoja. Kikibaki pale pale bila kujali, hapo zungumza.

Zoezi la kumalizia, na hili ndilo naona linafundisha kuliko yote. Badilisha ikwesheni iwe u_t + u^p u_x + u_xxx = 0. Wimbi lake ni [(p+1)(p+2)c/2]^(1/p) mara sech^(2/p)(p√c ξ/2). Hesabu P utaona inakwenda kama c^(2/p − 1/2), kwa hivyo chini ya p = 4 mteremko ni chanya, juu yake ni hasi, na kwenye 4 penyewe kipimo kinanyamaza (Martel na Merle ndio waliomalizana napo, mwaka 2001, na hata hapo wimbi si thabiti). Anza na p = 2, ongeza kimo asilimia moja, utazame linavyotulia. Kisha nenda p = 5, c = 1, kilele kitakuwa kama 1.84, na uendeshe mara mbili. Mara ya kwanza zidisha wimbi zima kwa 0.99, litalala taratibu lisambae mpaka lipotee. Mara ya pili zidisha kwa 1.01, na hapa anza na pointi 1024 na hatua ndogo zaidi, maana kilele kitaanza kupanda na kuwa chembamba, kinapanda kwa kasi inayoongezeka, na haijalishi umeweka pointi ngapi, kuna mahali namba zitakushinda na skrini itaandika nan, yaani si namba tena. Chora kilele dhidi ya wakati kwa pointi 1024, 2048 na 4096 kwenye grafu moja, uone zote tatu zinapanda pamoja mpaka wapi kabla hazijaachana.